Minara na Makaburi ya Vita Iringa: Wajibu wa Mwananchi

Hotuba kwa wakazi wa kata



Jina la Iringa lenyewe ni kumbukumbu ya vita. Latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na ngome hiyo ni Lipuli, aliyoijenga Mtwa Mkwawa pale Kalenga. Wazee husimulia kwamba Tosamaganga, maana yake "tupa mawe", ilipata jina lake Oktoba 1894, wakati mizinga ya Wajerumani ilipoishambulia ngome hiyo kutoka kilimani. Ukuta ule mkubwa umebaki vipande vichache tu. Majina yamedumu kuliko mawe, kwa sababu majina hayabebwi kwa toroli.

Iringa ina sehemu tatu zinazofuatana kama sura za kitabu kimoja. Ya kwanza ni Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo. Zelewski aliuawa hapo. Mnara uliopo ulijengwa na Wajerumani kwa heshima ya wenzao. Lakini waliokufa upande wake hawakuwa Wazungu peke yao: askari Waafrika zaidi ya 200 walianguka siku ile, pamoja na wapagazi. Wahehe nao walipoteza vijana wao. Wengi wa hao hawana jiwe wala maandishi.

Ya pili ni Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa baada ya kujiua Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Ya tatu ni Kalenga, ambako fuvu lake limehifadhiwa katika makumbusho. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Agizo hilo lilichukua miaka 35 kutimizwa. Juni 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Mtwa Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Watu waliosubiri miaka 35 kurudishiwa fuvu la kiongozi wao waliijua thamani ya kaburi. Ndiyo maana yafaa kusemwa waziwazi jambo linaloharibu makaburi na minara katika sehemu nyingi za nchi: imani ya "mali ya Mjerumani". Husemwa kwamba chini ya kila mnara wa zamani kuna dhahabu au rupia zilizofichwa, na kwamba maandishi ya jiwe ni ramani. Maandishi hayo si ramani. Ni majina ya marehemu, vyeo vyao na tarehe walizokufa. Anayechimba hapo usiku hukuta mifupa, na mara nyingi huondoka akiwa amemlipa mganga au dalali fedha za ada ya watoto wake.

Hasara haiishii kwa marehemu. Katika pango la Mlambalasi watafiti wamepata mabaki ya binadamu wa Zama za Mawe. Mabaki kama hayo husomeka kwa kufuata tabaka la udongo yalimolala. Sururu moja ikishavuruga tabaka, hakuna mtaalamu awezaye kulirudisha. Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kuchimbua mambo ya kale bila kibali.

Wako wanaouliza: kwa nini Mhehe autunze mnara wa mvamizi? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mnara wa Lugalo, japokuwa haukukusudia hivyo, ni ushahidi wa ushindi wa Wahehe, ulioandikwa kwa mkono wa aliyeshindwa. Ukibomolewa, ushahidi huo utabaki mdomoni tu. Kinachofaa ni kuongeza maneno ya upande uliosahauliwa.

Kwa hiyo wajibu wa mwananchi ni mambo manne. Mosi, asiondoe jiwe, tofali wala chuma katika sehemu hizo, wala asilime hadi ukingoni mwa kaburi. Pili, akiona uchimbaji, atoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata. Tatu, akiokota kitu cha kale shambani, akiache kilipo na kumwarifu Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Nne, na hili halihitaji bajeti wala kibali, awakalishe wazee na kuandika majina ya waliopigana, wapagazi na wanawake wakiwemo, na mahali walipozikwa.

Majina ya Wajerumani waliokufa Lugalo yaliandikwa na wenzao. Majina ya wengine yamo vichwani mwa wazee wachache, na kila msiba wa mzee mmoja huondoka na kurasa zake. Daftari la shule na kalamu vyatosha kuanza kazi hiyo, na wa kuianza ni wajukuu walio nyumbani jioni hii.