Karatasi ni ya Bure, Kazi Si ya Bure
(Hotuba kwa vikundi vya akina mama na vijana wa parokia)

 

Tumeombwa tuseme juu ya kutengeneza vitu kutokana na vile vilivyokwisha kazi nyumbani. Jambo hili si geni. Akala za gurudumu tumevaa, koroboi la mkebe limewasomesha wengi, na watoto hutengeneza magari ya waya bila kufunzwa na mtu. Hata kiondo, ambacho zamani kilisukwa kwa katani au nyuzi za magome ya mbuyu, leo mama anafumua sweta kuukuu ya mtumba na kupata rangi atakazo.

Wengine mlizoea kufuma kwa juala. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, juala zimeadimika, na hatuzililii, maana ng'ombe walikuwa wakizimeza. Basi tushike karatasi. Kalenda ya mwaka jana ni nzuri kuliko gazeti. Kata vipande virefu vya pembe tatu, anza kukunja upande ule mpana kwa sindano nene au spoku ya baiskeli, gundisha ncha, kisha paka vanishi mara mbili. Upana wa kipande ndio urefu wa shanga, na kipande kikiwa kirefu shanga hunenepa.

Sasa tufike penye uchungu. Mama husema, “Karatasi niliokota, basi mkufu nauza shilingi 50.” Ngojeni kidogo. Tuseme mkufu una shanga 60, na kila moja inakula dakika 3. Hizo ni dakika 180, saa 3 nzima! Bado uzi, vanishi na nauli ya soko. Huyo mama amelipwa nini? Mnunuzi anajua hesabu hii. Sisi ndio hatuifanyi. Kikundi kikubaliane bei ya chini kabisa, na mwanachama asiende kuuza chini yake kisirisiri. (Mnacheka, lakini mnajua tunasema nini.)

Na kama soko hakuna, kwa maoni yetu heri tutengeneze vya kutumia wenyewe. Gunia kuukuu lijazwe udongo na samadi. Katikati weka mkebe usio na kitako, ujaze mawe, uuvute juu kadiri gunia linavyojaa, ili maji yafike mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki. Hiyo ni pesa ya mboga isiyotoka mfukoni.

Lakini kuna chombo kimoja hatutaki kukiona hata kikiwa kizuri namna gani: mtungi uliowekwa dawa ya kupe au ya kunyunyizia mimea. Usitie maji ndani yake, wala maziwa, wala mafuta ya kupikia. Sabuni haitoi sumu yote. Mtoto hajui kusoma kibandiko, na pengine kibandiko chenyewe kilishabanduka. Toboeni mtungi huo usitumike tena, wala msiuchome jikoni.

Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi tutakutana hapa. Kila mtu aje na kalenda kuukuu, makasi, na kitu kimoja alichokwisha kutengeneza, pamoja na saa zilizotumika, zimeandikwa kwenye kikaratasi.