Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kupanga Safari ya Mwambao wa Ziwa Tanganyika

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Kigoma.)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga safari ya likizo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa mtu mwenye gari, au kwa jamaa wachache waliochanga fedha wakakodi gari moja. Suala hili huonekana dogo, kumbe ndani yake limo swali zito: tunapokwenda kuitazama nchi yetu, tunawaachia nini wenyeji wa mahali tunapopita?

Katika nchi zilizoendelea iko desturi ya familia kusafiri na nyumba ya magurudumu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo, au kibanda kinachovutwa nyuma ya gari dogo. Kule Scotland, mwaka 2015, ilianza kutangazwa njia ya kuzunguka pwani ya kaskazini, ipatayo kilomita 830, iitwayo North Coast 500. Wageni walimiminika, na biashara nyingi zilipata faida. Lakini wenyeji nao walikuwa na malalamiko. Barabara zao nyembamba zilizibwa na magari mapana, na baadhi ya wasafiri walimwaga uchafu wa vyoo vyao kando ya njia. Si ajabu. Mtu aliyebeba kitanda chake, maji yake na chakula chake hana haja kubwa ya duka wala mama lishe. Hupita, hutazama, kisha huacha takataka.

Sisi hatuna sababu ya kuiga mtindo huo, na wala ziwa letu haliukubali. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, na katika sehemu nyingi milima huteremka moja kwa moja hadi majini, isiache hata upenyo wa barabara. Ushahidi tuliuona Mei 2015. Maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika katika kijiji cha Kagunga, mpakani, ilibidi wachukuliwe kwa meli ya Liemba hadi Kigoma, kwani njia ya kuwaokoa ilikuwa maji.

Jambo hili si geni. Misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora, ilitua Ujiji, na kutoka hapo safari ilikuwa ya mitumbwi. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, nao ilibidi wapande mitumbwi kwenda kaskazini. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walisafiri vivyo hivyo hadi mdomo wa mto Rusizi, wakathibitisha kwamba mto ule unaingia ziwani wala hautoki. Basi tukiwafundisha watoto habari hizi, tuwataje pia wapagazi, wapiga kasia, na watu kama Susi na Chuma, ambao pasipo wao wageni wale wasingefika popote. Tena tusisahau kwamba neno msafara, hapa Ujiji, lina uchungu wake: kwa njia hiyohiyo walipitishwa watumwa pamoja na pembe za ndovu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupanga safari hii ni kulifuata ziwa na watu wake, si kulifuata gari. Gari likufikishe Kigoma, ama kwa barabara ya Tabora na Uvinza, penye chumvi iliyojulikana tangu kale, ama uliache nyumbani upande gari moshi. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914. Siku ya kwanza itoshe kwa mji wenyewe na Ujiji, ambako ni mwendo mfupi wa lami. Baada ya hapo, gari likae mahali penye ulinzi.

Kanuni ya pili ni kuchagua njia kwa kila upande. Upande wa kaskazini, teremka ufukoni Kibirizi, ambako boti za mbao zenye mashine huchukua abiria wa vijiji vya mwambao hadi Kagunga. Njiani iko Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na gari haliingii humo. Upande wa kusini, gari lenye nguvu na lililoinuka linaweza kufuata barabara ya Simbo na Ilagala, kuvuka mto Malagarasi na kuelekea Kalya. Nyumba ya kuvutwa isithubutu. Ukitaka kufika Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, panga kwenda kwa maji, na humo ndani utembee kwa miguu. Habari za meli ziulizwe bandarini kabla ya kuomba likizo, si baada.

Kanuni ya tatu ni majira na usalama. Kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, njia hazina matope. Lakini ndio wakati wa upepo wa kusi, na mawimbi ya ziwa hili hayana mzaha na mtu. Nahodha akisema leo hatuondoki, msiondoke. Boti iliyojaa kupita kiasi usiipande, na boya la kujiokolea ulivae, usilikalie. Kabla ya kuoga, waulize wenyeji, maana ziko sehemu zenye mamba na viboko, na kichocho kipo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kanuni ya nne ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Beba kidogo, ununue huko uendako. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa ya busara; lakini mama aliyezoea kuanika dagaa mchangani alipoteza kipato cha miezi mitatu. Angalieni sasa: miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, na ndani yake imo likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Mwalimu akilala katika nyumba ya wageni ya kijiji, akala ugali wake hapo, akanunua mawese na ndizi, fedha yake itafika mkononi mwa mama huyo katika wakati wa dhiki. Mwalimu yuleyule akija na unga, mafuta na jiko lake kutoka mjini, atakuwa amewapa watu wa mwambao vumbi tu.

Aidha, usipige hema popote upendapo. Fika kwanza katika ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe, uonyeshwe mahali. Takataka zako zirudi nawe.

Wapo watakaosema kwamba mshahara hautoshi kwa anasa za namna hii. Jibu langu ni kwamba watu wanne wakichanga kwa mwaka mzima, mzigo huwa mwepesi. Na ada ya hifadhi kwa raia ni ndogo mno ikilinganishwa na ile anayotozwa mgeni wa ng'ambo. Isitoshe, mwalimu aliyeviona vilindi vya ziwa hili kwa macho yake hatafundisha Bonde la Ufa kwa kukariri, na mtumishi aliyesafiri kwa boti pamoja na wagonjwa waendao hospitali hataliweka jalada la mwambao chini ya mafaili mengine.

Ndugu zangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame. Tupange safari zetu kwa kipimo hicho.