Zizi Imara, Simba Hai

Hotuba ya mwanachama wetu, afisa mifugo mstaafu, katika harambee ya mwaka



Nimesikia minong'ono. Wapo wanaouliza kwa nini mwaka huu, pamoja na madawati na zahanati, kamati imeweka waya wa mazizi ya wafugaji wa tambarare. "Hayo ni ya Wamaasai, sisi yanatuhusu nini?" Naomba nijibu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ile nikiwa kazini, fisi waliingia katika zizi la jirani yangu huku chini ya Ngarenairobi wakaua mbuzi 11 usiku mmoja. Asubuhi vijana walikuja kuniuliza ni sumu gani ya kupaka kwenye mizoga. Sikuwatajia, lakini pia sikuwakataza. Nilirudi nyumbani kunywa chai. Siku mbili baadaye tulikuta tai wamelala chini na mbawa zimetandazwa, mbwa watatu wa majirani wamekufa, na fisi mmoja tu. Kabla ya mwezi kwisha fisi wengine walirudi. Zizi lilikuwa lilelile la miiba iliyooza.

Hapo ndipo nilipojifunza. Tulihangaika na fisi, tukaliacha tundu.

Simba naye ana namna yake. Mara nyingi haingii zizini. Ng'ombe wakinusa harufu yake hushikwa na hofu, huvunja ua kwa ndani na kutoka gizani, naye anawasubiri nje. Chui hupanda. Watu wa vihamba vya juu karibu na msitu mnamjua. Mbuzi wa kwenye migomba hawezi kulindwa kwa ukuta usio na paa.

Wenzetu wa Simanjiro walipata dawa. Wanakata fimbo mbichi za miti ya jamii ya manemane, wanazisimika kuwa nguzo, kisha wanazungushia waya. Fimbo zinachipua, ua unakuwa mti hai usioliwa na mchwa, na hawakati tena migunga kila msimu kutafuta miiba. Shirika la Tanzania People & Wildlife limeshirikiana na wafugaji kujenga zaidi ya nyua 1,000 za namna hiyo. Mwenye zizi hutoa fimbo, nguvu zake na sehemu ya gharama. Habebwi, anasaidiwa.

Upande wa Kenya, kule Mbirikani chini ya mlima wetu huu huu, tangu mwaka 2003 kuna mfuko unaomfidia mfugaji aliyeliwa mnyama. Lakini una masharti: zizi likiwa bovu malipo hupungua, na mtu akiua simba, eneo lake lote hukosa malipo. Kwa hiyo jirani humlinda simba ili asikose haki yake. Tena huko Amboseli, tangu 2007, morani ambao zamani wangemwua simba ili wapate jina, sasa wanaajiriwa kufuata nyayo zake, kuonya wachungaji wasipite upande ule, na kutafuta mifugo iliyopotea kabla jua halijazama. Simba wenyewe wanapewa majina ya Kimaasai. Ni vigumu kumchoma mkuki mtu unayemjua jina.

Sisi Serikali yetu ina kifuta jasho. Lakini jina lenyewe linajieleza: linafuta jasho, halirudishi ng'ombe. Anayemtegemea ng'ombe kwa ada ya shule hawezi kuambiwa ampende simba kwa sababu watalii wanampenda. Kwanza alale usingizi.

Sasa narudi kwenye swali la minong'ono. Nyoosheni mikono mlio na ng'ombe tambarare wanaotunzwa na rafiki wa familia. Naona mikono mingi, na wengine mnaona haya. Tangu babu zetu, Mchaga amempelekea mwenzake mnyama amtunzie. Simba hajui kama ng'ombe ni wa Sanya Juu au wa Sinya. Na wanyama hao hao wa Enduimet, wanaopita kati ya Amboseli na mlima, ndio wanaoleta wageni wanaolala Kilimanjaro Magharibi, wanakoajiriwa watoto wetu.

Ninachoomba ni hiki. Atakayechangia waya, jina lake liandikwe pamoja na la mwenye zizi, wajuane. Tuanze na wale waliopoteza mifugo zaidi, wa tambarare na wa vihamba bila ubaguzi, na mwakani kamati isome hapa mbele yetu: zizi lipi limejengwa, lipi limeingiliwa. Likiingiliwa, tusifiche, twende tukaangalie tundu liko wapi.

Jirani yangu yule bado ana mbuzi. Mwaka jana nilimpelekea roli moja ya waya na kumwomba radhi kwa ile chai. Alicheka, akaniambia, "Mzee, umechelewa, lakini umefika."

Nasi hatujachelewa sana.