Nyumba na Boma: Watu wa Kendu Bay katika Mtaa wa Kaloleni

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama



Halmashauri ya chama ilituagiza tuseme maneno machache juu ya mtaa wa Kaloleni ulioko Nairobi, na juu ya watu wetu wa Kendu Bay waliokaa humo. Tumeipokea kazi hiyo kwa furaha, na kwa hofu kidogo pia, maana miongoni mwenu jodongo mliopo hapa wamo waliolipa kodi ya Kaloleni kabla sisi hatujazaliwa. Sisi tu makarani. Kazi yetu ni kukusanya na kuandika. Basi pale mtakapoona pengo, tunaomba mlijaze baada ya chai, nasi tutakuwa na kalamu mkononi.

Kwanza yatupasa kukumbuka maneno mawili ya lugha yetu. Mluo asema ot, akiwa na maana ya nyumba, yaani chumba cha kulala na jiko la kupikia. Tena asema dala, yaani boma, mahali alipokata lango, alipozikwa baba yake na ambapo naye atazikwa. Mtu aweza kuwa na ot kumi katika miji kumi, wala asiwe na dala hata moja. Kaloleni kwa wazee wetu ilikuwa ot. Ndivyo walivyosema wenyewe, wakalishika neno hilo kwa bidii. Lakini tukiyatazama waliyoyatenda humo kwa miaka mingi, twaona kwamba mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho, na leo chama chetu kina deni la kulitatua jambo hili.

Nairobi ya zamani haikumtaka Mwafrika akae. Ilitaka mikono yake mchana, na usiku ilitaka asionekane. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka kumi na sita alichukuliwa alama za vidole, akachukua kipande shingoni. Mshahara ulikadiriwa kwa mtu mmoja asiye na mke, na mahali pa kulala palikadiriwa vivyo hivyo: kitanda katika chumba cha wengi, Kariokor, Starehe, Shauri Moyo, au kwa kupanga katika nyumba za udongo za Pumwani. Aliyekuwa na mke alimwacha Karachuonyo alime mtama na mahindi, akampelekea fedha alipoweza.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake, na katika kazi hiyo walitumiwa mateka wa vita wa Kiitaliano. Nayo ilikuwa kitu kigeni: nyumba ndogo za mawe, zenye paa za vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vyenye majani badala ya kusimama mstari kama mabehewa. Wataalamu waliipanga kwa kufuata mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyeandika mwaka 1898 juu ya miji iliyo kama bustani, ambako mfanyakazi angepata hewa na nafasi bila kuwa mbali na kazi yake. Zaidi ya yote, Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza ya Halmashauri ya Mji iliyokusudiwa Waafrika wenye wake na watoto. Hatuna haja ya kuwasifu sana waliotoa fedha. Walikwisha ona kwamba mfanyakazi asiye na mahali hudumu kazini muda mfupi. Lakini jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Mama wa Kendu Bay aliweza kuja Nairobi akaweka mafiga yake mwenyewe.

Hebu tuitazame njia aliyopita. Wakati huo Kendu Bay palikuwa na gati yenye shughuli. Meli zilipita ghuba ya Winam kutoka Kisumu, zikishusha watu na mizigo, zikipakia nafaka na ngozi. Abiria alivuka mpaka Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, akapanda gari la moshi la daraja la tatu, akalala njiani, akafika stesheni ya Nairobi na masizi usoni. Na kama alikuwa kijana aliyesoma Gendia, kwa Waadventista waliofungua misheni yao mwaka 1906, au katika shule nyingine za misheni, alifika na barua ya mwalimu mfukoni, akiitegemea kumpatia meza na kalamu. Wengi wa makarani wetu wa kwanza walitoka hivyo. Wengine walikuwa wapishi, maseremala, watu wa reli na wa posta.

Kutoka stesheni mpaka Kaloleni ilikuwa mwendo wa miguu, na hapa ndipo tunapofika kwenye tabia ya mtaa wenyewe. Kaloleni ni mtaa wa watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni. Upande mmoja ipo barabara iliyoitwa Donholm na ambayo sasa ni Jogoo. Upande mwingine ipo Makongeni ya watu wa reli. Na ng'ambo ya reli ni viwanda. Kabla ya jua kupanda, njia zilijaa watu. Wenye baiskeli walipiga kengele, waendao kwa miguu walipanga mstari, wa karakana za reli wakaelekea huku, wa maofisini wakashika kule na viatu vyao wakivilinda na matope. Mabasi yalikuwako mjini tangu mwaka 1934, lakini nauli ya kwenda na kurudi kwa mwezi mzima ilikuwa mzigo, na wengi waliona afadhali watumie soli. Baadaye yakaja magari madogo yaliyotoza mapeni matatu, yaani senti thelathini, yakapata jina la matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu yachukue abiria waziwazi. Leo vijana wetu huketi katika foleni ya Jogoo Road kwa muda ambao babu zao wangekuwa wamekwisha fika kwa miguu na kunywa maji.

Mtaa wa namna hiyo, ambao mchana huwa mtupu wa wanaume, hutawaliwa na akina mama. Hili halisemwi vya kutosha katika mikutano yetu. Wao ndio waliojua ni nani mgonjwa, ni nani amefukuzwa kazi na bado anatoka kila asubuhi kwa kuona aibu, ni mgeni gani amefika kutoka Kanyadhiang au Gendia akiwa na jina la jamaa katika karatasi na hana shilingi. Mgeni huyo alilala sakafuni kwa wiki, pengine kwa miezi, mpaka apate kazi. Samaki waliokaushwa walitoka ziwani. Sukari, nguo na karo zilirudi huko. Na wakati wa kulima ulipofika, mama huyohuyo alifunga mizigo akarudi Nyanza, naye mume akajipikia ugali mpaka mavuno. Hivyo watu wetu walikuwa na safari mbili: ile ya kila siku kwenda kazini, na ile ya kila mwaka kwenda boma.

Jioni palikuwa na ukumbi wa Kaloleni. Humo palikuwa na dansi, harusi, baraza na siasa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU na wenzao wa Kihindi, Makhan Singh alisimama katika ukumbi huo akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa zaidi ya miaka kumi. Watoto wanaocheza mlangoni pa ukumbi huo sasa hawajui, nasi hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa hatukuwaambia.

Kadhalika palikuwa na mpira. Kiwanja kikubwa cha mji kilikuwa jirani, ng'ambo ya barabara. Gor Mahia ilipoundwa mwaka 1968, kwa kuunganisha timu zilizokuwapo za Waluo, hakuna aliyehitaji kuambiwa jina limetoka wapi, maana mganga Gor wa Kanyamwa ni wa upande wetu huu. Mwaka 1987 timu hiyo ilitwaa kombe la Afrika la washindi, na wazee wengine mpaka leo huhesabu umri wa watoto wao kutoka siku hiyo.

Sasa tuseme yale ambayo si matamu. Mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Luo Union, aliuawa kwa risasi. Watu wa Kaloleni walilia, na michango ikakusanywa ambayo kwayo lilijengwa jumba la ukumbusho wake mjini Kisumu. Mitaa ya Ofafa ya Nairobi nayo yachukua jina lake. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilianza msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu, wakapelekwa vizuizini au mashambani kwao. Vyumba vikabaki, na kazi zikabaki, na waliovijaza walikuwa watu wa makabila mengine, Waluo wakiwamo. Katika nyumba nyingi zetu habari husimuliwa hivi: mzee alipata nafasi mwaka 1954. Ni kweli alipata. Lakini alipata kitanda ambacho mwenyewe alikuwa ametolewa, na hilo nalo ni sehemu ya habari. Halikuwa kosa la mzee aliyekuwa na watoto wa kulisha. Hata hivyo tukiliacha nje, tutawarithisha wana wetu nusu ya kitabu.

Na tena: Luo Union iliyotufaa kwa elimu na kwa maziko, ndiyo iliyowasaka wanawake wasio na waume mjini na kuwarudisha Nyanza kwa nguvu. Walisema wanalinda heshima. Wako mama waliorudishwa hivyo ambao kosa lao lilikuwa kutaka kujitafutia chakula kama ndugu zao wa kiume. Sisi twaona kwamba chama kinachojiita cha ustawi hakina budi kulitamka jambo hilo.

Mwaka 1980 vyama vikubwa vya kikabila vilivunjwa kwa amri ya serikali, Luo Union ikiwa kimojawapo. Vikundi vidogo vya watu wa kijiji kimoja na kata moja viliendelea na kazi isiyoweza kungoja: kuchanga fedha za jeneza na gari. Mwaka 1987 nchi nzima ilisikia kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake alitaka azikwe Nairobi na ukoo wake ukataka azikwe Siaya. Korti ilipima maneno yaleyale tuliyoanza nayo, nyumba na boma, na ukoo ukashinda. Mwezi wa Mei akazikwa Nyalgunga. Wengi katika chama hiki walifurahi. Wachache walinyamaza, wakifikiri.

Nasi tumefikiri. Gati ya Kendu Bay haina tena meli za zamani. Tangu miaka ya 1990 gugu maji limekuwa likiziba ghuba mara kwa mara. Safari sasa ni ya basi, usiku mmoja. Lakini watoto wa wajukuu wa wale waliokuja kwa meli hawasafiri. Wamezaliwa Kaloleni, wamesoma Kaloleni, na ukiwauliza kwao ni wapi, watautaja mtaa, kisha watautaja Kendu Bay kama mtu atajaye jina la babu aliyekufa zamani. Wengine walikwenda mbali zaidi: kijana mmoja wa Kanyadhiang aliyekuwa karani Nairobi alikwenda Hawaii kusoma mwaka 1959, na mwanawe akawa Rais wa Marekani. Hatukusita kumhesabu huyo kuwa wetu. Je, mtoto wa Kaloleni asiyejua njia ya Simbi Nyaima, tumhesabuje?

Swali hili si la mchezo. Orodha ya wanachama ina safu moja iitwayo kijiji, na asiyeweza kuijaza huonekana kama asiye na haki ya msaada wa maziko. Tena nyumba zenyewe ni mali ya Serikali ya Kaunti. Waliokaa humo vizazi vitatu bado ni wapangaji. Mtaa wa zamani wa Pangani umekwisha bomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, na mipango ya kuijenga upya mitaa ya Eastlands imetangazwa mara nyingi. Siku Kaloleni itakapobomolewa, wengine watataka kurudi boma wasikute boma, kwa maana mashamba ya Karachuonyo yamekwisha gawanywa kwa ndugu waliobaki.

Kwa hiyo twaleta maombi mawili mbele ya mkutano. La kwanza, orodha iongezwe safu ya pili, ya mtaa, na mwanachama akubaliwe kwa yoyote kati ya hizo mbili. Twajua kwamba baadhi ya wazee watakataa, wakisema tunafungua lango kwa kila mtu; na tuzungumze, ndiyo kazi ya mkutano. La pili, wateuliwe watu wanne, wawili wakiwa akina mama, wapite nyumba kwa nyumba wakiandika habari za waliokaa Kaloleni: mwaka wa kuingia, kazi, namba ya nyumba, na aliyewapokea usiku wa kwanza. Nakala moja ibaki kwa katibu, nyingine ipelekwe maktaba ya Kaloleni, ambayo ni tawi la McMillan na imetengenezwa upya.

Daftari la kwanza liko mezani kwa katibu. Kurasa zake bado ni tupu. Wazee waliopanga Kaloleni kabla ya mwaka 1963 waombwa waandikwe leo, kabla gari la Kendu Bay halijaondoka saa kumi.