Kufyeka Pori na Kulitunza Shamba
Hotuba kwa wakulima wa Kitui na Makueni

Wasikilizaji, mtu atakaye kufyeka pori na aanze kwa kuhesabu mikono aliyo nayo, na siku zilizobakia kabla ya mvua. Huku Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Anayeshika panga mawingu yamekwisha kutanda amechelewa, hata awe na nguvu za fahali.

Makueni yenyewe ni ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilifyeka huko pori lililokuwa makao ya mbung'o, ili Wakamba ambao mashamba yao yamechakaa wapate kuhamia. Wengi walisita. Walikumbuka mwaka 1938, ng'ombe wao walipochukuliwa kwa nguvu, hata wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Nani angeamini kwamba ardhi ikiisha kusafishwa haitanyang'anywa? Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu.

Waliohamia walipewa sharti la kuchimba matuta na kutozidisha mifugo. Tena kichaka kilichokatwa juu juu huchipua upya, na kivuli kikirudi, mbung'o hurudi nacho. Kwa hiyo visiki ving'olewe. Afadhali eka moja iliyong'olewa kuliko tatu zilizofyekwa kwa haraka. Matawi yasichomwe yote. Yapangwe kukingama mteremko, yazuie udongo. Mukau usikatwe ovyo, kwani mbao zake haziliwi upesi na mchwa, na majani yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi.

Kisha tuta la fanya juu. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na nyasi zikapandwa ukingoni. Lakini tuta halijengwi mara moja likaachwa. Kila mwaka, mavuno yakiisha kuingia ghalani, mwenye shamba alipitie lote: mahali ng'ombe walipokanyaga, mahali maji yalipotoboa. Tundu dogo la Februari huwa korongo mwezi wa Aprili.

Kazi hii ni ya mwethya, ambamo wanawake ndio wengi. Zamu za nyumba zipangwe mapema. Kama yupo mjane wa mlimani asiye na kijana wa kuchimba, kikundi kianze kwake, maana tuta lake likikatika, maji huangukia mashamba yote ya chini.