Ngoja ngoja ya seva

Abiria wa daladala anazijua adha mbili: gari linaloondoka na mtu mmoja na kuteketeza mafuta bure, na gari linalongoja lijae hadi aliyepanda wa kwanza anachelewa kazini. Seva za hifadhidata, kompyuta zitunzazo kumbukumbu za benki na hospitali, hukabiliwa na uamuzi huo huo kila zinapojibu swali kupitia mtandao.

Mwaka 1984, mhandisi John Nagle wa kampuni ya Ford Aerospace, nchini Marekani, alieleza hasara ya kuondoka mapema. Herufi moja ya baiti 1 ilisafiri na anwani na maelezo ya baiti 40. Alipendekeza kwamba, maadamu pakiti iliyotangulia haijathibitishwa kupokewa, data ndogo zinazofuata zikusanywe kwanza.

Hata hivyo, kompyuta zinazopokea nazo zilizoeshwa kuchelewesha uthibitisho, katika baadhi ya mifumo hadi milisekunde 200. Hivyo mtumaji akamngoja mpokeaji, na mpokeaji akamngoja mtumaji. Maswali 50 yakinaswa humo, moja baada ya jingine, mteja hupoteza sekunde 10 ilhali seva haina kazi yoyote.

Waandishi wa PostgreSQL, programu yenye asili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishika njia ya kati. Seva yao huizima subira ya Nagle, kisha hukusanya majibu yenyewe katika ghala dogo la baiti 8,192. Ghala likijaa, mzigo huondoka. Jibu likikamilika, huondoka hata kama ghala halijajaa. Toleo la 17, lililotoka Septemba 2024, liliongeza jambo: ghala likiwa tupu, mzigo unaolizidi ukubwa hupelekwa moja kwa moja, bila kunakiliwa humo kwanza.

Kutoka London hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanga ndani ya nyaya za kioo huhitaji takriban milisekunde 70 kwenda na kurudi, na hakuna mhandisi awezaye kuufupisha umbali huo. Awezalo ni kuondoa kungoja kusiko na sababu.

Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kati ya methali hizo mbili, mwamuzi ni programu iliyoandika jibu, kwani ndiyo pekee ijuayo kuwa jibu limekwisha. Mtandao unaolibeba haujui.