Kabla ya Kufungua Sanduku
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa hai. Miaka kumi siyo mchezo.

Kikundi chetu kilizaliwa ndani ya jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za kikristo ziwe msingi wa kazi ya kanisa, na sisi tulikuta tayari tuna desturi ya kukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Tukasema, kama tunaweza kusali pamoja, kwa nini tusiweke akiba pamoja? Tulianza akina mama 15, hisa moja Sh. 1,000. Wengine tulikuwa tunauza uji na chapati kwenye machimbo, wengine tunaponda mawe ya marudio karibu na makarasha, wengine tunalima pamba na mpunga. Tulinunua sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu tukawapa akina mama watatu, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake.

Habari za hisa, mikopo na mgawo zimo kwenye taarifa ya Mweka Hazina. Sisi tunataka kusema habari ya zile dakika tano za kimya kabla ya kufungua sanduku. Wageni wengi hutuuliza zilitoka wapi. Zilitoka kwenye dhambi yetu.

Katika mwaka wa nne mtoto wa mwenzetu mmoja alifariki ghafla. Ilikuwa msiba mzito, tukalia wote. Baada ya matanga watu wa ukoo wake wakaenda kwa mganga wa ramli. Mganga akasema aliyefanya ni mwanamke mzee, mjane, wa karibu, mwenye macho mekundu. Hakutaja jina, lakini kila mtu alijua ni nani. Alikuwa mwenzetu. Tulimwita Mayu, kwa heshima. Naye ndiye aliyekuwa anatunza ufunguo wa tatu.

Jamani, sisi sote tunapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, maana miti imekwisha huku kwetu Usukumani. Moshi ule ukiupuliza miaka hamsini macho yatakuwa meupe? Tulilijua hilo. Lakini hofu ilituingia. Tulijua pia kwamba vikongwe wengi wa mikoa yetu ya Shinyanga, Geita na Mwanza wamekatwa mapanga kwa maneno kama hayo. Badala ya kusimama naye, tulikaa kikao tukamnyang'anya ufunguo. Kwenye daftari la mihtasari tukaandika: "kwa sababu ya umri". Mayu hakuuliza kitu. Aliufungua kwenye pindo la kanga yake, akaufuta, akaukabidhi. Tangu siku hiyo akawa anakaa mwisho wa mkeka, na pembeni yake hakai mtu.

Ikaja Kwaresima. Katekista akatufundisha kuchunguza dhamiri. Akasema zoezi hili ni la zamani, hata Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika karne ya 16 aliwafundisha wenzake kulifanya mara mbili kwa siku. Unakaa kimya, unamshukuru Mungu, unapitia siku yako, unajiuliza umemkosea nani, unaomba msamaha, unaazimia kutengeneza. Tukanyamaza. Kisha mmoja wetu akasimama akasema, "Sisi tumeandika uongo kwenye daftari." Hakuna aliyemjibu. Wengine tulianza kulia.

Jioni ile tulikwenda kwa Mayu. Tulikuta ameegemeza jiwe la kusagia mlangoni kwa ndani. Alikuwa halali usiku, anasikiliza hatua za watu. Tukamwomba msamaha. Akatuambia, "Msiniombe hapa gizani. Ufunguo mliuchukua mchana, mbele za watu. Na ninyi andikeni ukweli."

Hapo ndipo tulipojua kutubu ni kazi. Kikao kilichofuata tulifuta lile neno, tukaandika kwamba tulimwonea mwenzetu kwa maneno ya ramli. Tukamrudishia ufunguo. Tukaenda pia kwa Mtendaji na kwa sungusungu kutoa taarifa, maana Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na Januari 2015 serikali ilitangaza tena kupiga marufuku ramli. Wanachama wawili walikasirika, wakatoka. Mama aliyefiwa alibaki, lakini ilimchukua mwaka mzima kumpa Mayu mkono. Hatumlaumu. Kidonda chake kilikuwa kikubwa kuliko chetu.

Mayu alifariki mwaka wa nane, kwa maradhi ya uzee, kitandani kwake, amepakwa mafuta matakatifu. Wengine mtaona hilo ni jambo dogo. Huku kwetu siyo dogo.

Wenzetu, tusijidanganye kwamba yamekwisha. Tunaishi kwenye nchi ya dhahabu, na dhahabu ina tamaa yake. Duara likikosa mawe mazuri, mtu anatafuta mganga. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa katika mikoa hii, watu wakidanganywa kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki, mpaka watoto wakakimbizwa kwenda kulelewa Buhangija, Shinyanga. Waliofanya hayo hawakutoka mbali. Walikuwa majirani za watu, na wengine kesho yake waliingia kanisani. Na miongoni mwetu sisi tuliovaa sare nzuri leo, wapo waliokwenda kwa mganga usiku. Tunajuana.

Kwa hiyo kila wiki, kabla funguo tatu hazijaingia, tunanyamaza na kujiuliza maswali matatu. Je, fedha hii nimeipata kwa haki? Je, nimemsema nani vibaya wiki hii? Je, yuko nani mwisho wa mkeka ambaye sijakaa naye? Mwenye deni la maneno analilipa kwanza, ndipo alipe la fedha.

Ombi letu kwa vijana watakaopokea kikundi hiki ni moja: sanduku likichakaa nunueni jingine, lakini zile dakika tano msizifute. Na lile daftari lenye mstari uliokatwa tunalo hadi leo. Anayetaka kulisoma aje alisome.